Barua Zilizofungia Kipindi: Kisa cha "Miri" na Watazamaji wa Uingereza, 1970

Jumatano jioni, tarehe 2 Desemba 1970, BBC1 ilirusha kipindi kimoja cha Star Trek, mfululizo wa Kimarekani wa hadithi za kisayansi. Kipindi hicho kinaitwa Miri, na kinahusu kirusi kilichoua watu wazima wote wa sayari moja na kuwaacha watoto peke yao. Watazamaji waliandika kulalamika. Shirika likakitoa Miri kwenye ratiba za marudio, na hakikuonekana tena BBC hadi miaka ya 1990. Pamoja nacho likazuia vipindi vingine vitatu vya mfululizo huohuo ambavyo Waingereza hawakuwa wamevilalamikia, kwa sababu havikuwa vimewafikia.

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya watu wanaopanga vipindi vya televisheni, wanaonunua tamthilia za nje na kuziingiza sauti ya Kiswahili, na pia wazazi na walezi wanaokaa sebuleni na watoto wakati kitu kinaporushwa. Watazamaji walioandika na maofisa waliowajibu siwataji kwa majina. Kisa kinaeleweka bila wao.

Mazingira

Star Trek ilianza kuonekana Marekani Septemba 1966, kupitia kituo cha televisheni cha NBC. Miri yenyewe ilirushwa huko tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo, ikiwa ni miongoni mwa vipindi vya mwanzo kabisa vya mfululizo.

Uingereza iliupata mfululizo huu baadaye, Julai 1969, na namna ulivyoingia ina uzito mkubwa katika kisa hiki. BBC iliuweka Jumamosi, karibu saa 11 na robo jioni, pale ambapo Doctor Who, mfululizo wa familia wa hadithi za kisayansi wa BBC yenyewe, ilikuwa imetoka kumaliza msimu. Nafasi hiyo ilikuwa ya familia: baba amerudi kutoka mpirani, chai iko mezani, watoto wako chini kwenye zulia. Kwa hiyo watazamaji wa kwanza wa Star Trek nchini Uingereza waliingia wakiwa wamekwisha kuzoeshwa kwamba kinachorushwa saa hizo kimepimwa kwa kimo chao. Mfululizo ulipohamishiwa jioni za katikati ya wiki, watoto waliufuata. Mtoto aliyekwisha kuwapenda mashujaa wake, Kirk na Spock, hajali kwamba mpangaji wa ratiba amebadili siku.

Wakati ule Uingereza ilikuwa na chaneli tatu tu: BBC1, BBC2 na ITV. Anayekerwa na kipindi hakuwa na pa kukimbilia pengi. Matangazo ya rangi kwenye BBC1 yalikuwa yameanza Novemba 1969, lakini nyumba nyingi bado zilikuwa na seti za nyeusi na nyeupe. Tena wazazi walikuwa wamejifunza kuandika barua. Tangu 1964, Mary Whitehouse, aliyekuwa mwalimu, aliongoza kampeni ya kusafisha televisheni, na mwaka 1965 ikazaa chama cha watazamaji na wasikilizaji. Mtu akubali hoja za kampeni ile au azikatae, ilimwonyesha mtazamaji wa kawaida kwamba karatasi na stempu vinafika mezani kwa wakubwa.

Kulikuwa pia na desturi ya saa 3 usiku. Kabla ya saa hiyo, watangazaji walitarajiwa kukumbuka kwamba watoto wako macho. Miri ilirushwa kabla ya saa hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo naliweka hapa kama hali ya hewa tu, bila kudai kwamba ndilo lililoandikisha barua. Majira ya baridi ya kuamkia 1970, wimbi la pili la homa ya Hong Kong liliipiga Uingereza vibaya kuliko la kwanza. Hospitali zilijaa, na watu wengi walizika. Karibu mwaka mmoja baadaye, watu walewale wanakaa kutazama hadithi ya ugonjwa unaofagia mji mzima.

Hadithi yenyewe

Bila kuijua hadithi, malalamiko hayaeleweki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chombo cha anga cha Enterprise kinapokea ishara ya kuomba msaada. Kinakuta sayari inayofanana na Dunia yetu sawasawa. Kapteni Kirk, Spock, daktari McCoy, afisa wa kike aitwaye Rand na walinzi wawili wanashuka katika mji uliochakaa: magari yameoza barabarani, vioo vimevunjika, vumbi limetanda kila mahali. McCoy anaokota baiskeli ya magurudumu matatu, ya mtoto. Papo hapo kiumbe chenye sura ya mtu mzima, uso umejaa mabaka, kinamrukia kikipiga kelele kwamba baiskeli ni yake, kisha kinalia kwa sababu imevunjika. Dakika chache baadaye kinakufa mikononi mwao. Kilikuwa ni mtoto aliyekua.

Chumbani wanamkuta msichana amejificha kabatini, anatetemeka. Huyo ndiye Miri. Anawaogopa kwa sababu ni watu wazima, na watu wazima anaowakumbuka walipiga, walipayuka, walichoma moto, kisha wakafa. Taratibu kisa kinafunuka. Miaka 300 nyuma, wanasayansi wa sayari hiyo walijaribu kurefusha maisha. Walichotengeneza kikawa kirusi. Kwa watoto kinapunguza mwendo wa kukua, kiasi kwamba katika miaka 100 mwili unazeeka kwa mwezi mmoja tu. Lakini mwili ukibalehe, kirusi kinageuka: mabaka ya buluu yanatokea, akili inavurugika, mtu anakuwa mkali kama mnyama, anakufa.

Wageni nao wanaambukizwa, isipokuwa Spock, ambaye haugui ila amekibeba kirusi mwilini, kwa hiyo naye hawezi kurudi chomboni. Wana siku chache tu za kutafuta dawa. Kisha watoto, wakiongozwa na kijana aitwaye Jahn, wanaiba vifaa vyao vya mawasiliano, na bila hivyo McCoy hawezi kupata msaada wa kompyuta ya chombo ili kujua kama chanjo aliyoitengeneza ni dawa au ni sumu. Watoto wanamteka Rand. Kirk anawafuata kuwasihi, nao wanamzingira wakimpiga kwa nyundo na marungu huku wakiimba kama wako mchezoni. Damu inamtoka usoni. Anawaambia waangalie mikono yao: damu ile ni yao sasa, wamekuwa kama watu wazima waliowaogopa. Mwishowe wanavirudisha vifaa. McCoy alikuwa amechoka kungoja na amejidunga mwenyewe. Anaanguka, wote wanamzunguka, na mabaka yanaanza kufifia.

Nyuma ya pazia, hadithi hii ilikuwa ya nyumbani mno. Mitaa ile iliyooza ilikuwa seti za nje za studio huko Culver City, California. Miongoni mwa watoto walioigiza walikuwemo mabinti wa William Shatner, aliyekuwa Kirk, mabinti wa Gene Roddenberry, muumba wa mfululizo, na wana wa Grace Lee Whitney, aliyekuwa Rand. Kim Darby, aliyecheza Miri, alikuwa na miaka 19. Michael J. Pollard, aliyecheza Jahn, alikuwa na 27. Kwa waliokuwa wakiitengeneza, ile ilikuwa siku ya kuleta watoto kazini. Mtazamaji wa sebuleni hakupewa hata tone la hilo.

Mfuatano wa matukio

Kipindi kilirushwa Desemba 2, 1970. Malalamiko yakafika. Shirika likakiangalia upya, likaamua kisirudiwe, na likavipitia vipindi ambavyo vilikuwa bado havijarushwa. Vitatu vikawekwa kando: Plato's Stepchildren, The Empath na Whom Gods Destroy. Mzunguko wa kwanza wa Star Trek nchini Uingereza ukamalizika mwishoni mwa 1971 bila hivyo vitatu.

Marudio yaliendelea mwaka hadi mwaka, na kila mara vinne hivyo viliruka. Mashabiki waliokuwa na orodha kamili ya Kimarekani waligundua mapengo na kuanza kuuliza. Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wakipokea jibu la aina moja: hakuna mpango wa kuvirusha, kwa sababu vinashughulikia kwa namna isiyopendeza mambo ambayo tayari hayapendezi, yaani wazimu, mateso, ukatili na maradhi. Jibu liliongeza kwamba wapenzi wengi wa mfululizo huu ni watoto, hata kirushwe saa ngapi.

Uamuzi na sababu zake

Nataka kuitendea haki sababu ile ya mwisho kabla sijaikosoa, maana ina ukweli ndani yake. Waliopanga ratiba walijua jambo ambalo wengine walijifanya hawalijui: saa pekee haimlindi mtoto aliyekwisha kukipenda kipindi. Kukisogeza hadi saa 3 usiku kungewaacha baadhi yao nje, lakini wengine wangesihi, wangenung'unika, wangekaa kwenye ngazi na kuchungulia. Naona shirika lilitambua kwamba lenyewe ndilo lililowakaribisha watoto hao kwa kuanza saa 11 jioni, kwa hiyo haliwezi kusema sasa ni kazi ya wazazi. Huo ni uwajibikaji, na nauheshimu.

Walikuwa pia na njia ya mkato ambayo, kwa Miri, hawakuichukua: kukata damu na nyundo, kisha kurudisha kilichobaki. Hadithi iliyokatwa hivyo ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu ni damu ile mikononi ndiyo inayowageuza watoto. Ukiiondoa, wanabaki watoto waliopiga mtu na hakuna kilichowagusa. Bora kabatini kuliko kilema.

Yaliyobaki katika uamuzi huo yananishinda kuyatetea.

Matokeo

Kwa walioandika mwaka 1970, ushindi ulikuwa kamili. Kwa mashabiki, ulikuwa mwanzo wa kungoja kwa miaka zaidi ya 20. Na katika kungoja huko uvumi ukaota. Plato's Stepchildren ndicho kipindi chenye busu maarufu la Kapteni Kirk na Luteni Uhura, mzungu na mwanamke mweusi, lililorushwa Marekani Novemba 1968. Kwa kuwa shirika lilijibu barua moja moja na halikutoka hadharani kueleza, watu wengi waliamini, na wengine wanaamini hadi leo, kwamba kipindi kile kilizuiwa kwa sababu ya busu hilo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukatili: humo watu wenye nguvu za akili wanawalazimisha wengine kujidhalilisha kwa ajili ya burudani. Lakini pasipo maelezo ya wazi, kila mtu hujaza pengo kwa anachokiogopa.

Hadithi ya Miri nayo haikufungika. Toleo lake la maandishi lilikuwa kwenye kitabu cha hadithi fupi za Star Trek tangu 1967. Mtoto mwenye pesa ya mfukoni aliweza kusoma kila kitu, mabaka na vifo pamoja, peke yake chini ya blanketi, bila mzazi kuwa karibu.

Uchambuzi

*Maradhi yalisingiziwa*

Neno "maradhi" ndilo lililoifunga Miri katika ile orodha ya sababu nne. Tuliweke mizani. Machi 1970, miezi tisa tu kabla ya Miri, BBC hiyohiyo ilirusha Jumamosi jioni, katika Doctor Who, tauni inayoenea London: watu wanaanguka na kufa katika stesheni ya treni, ngozi zao zimeharibika. Kilikuwa kipindi cha watoto na familia kuliko Star Trek ilivyopata kuwa. Halafu Aprili 1975 ikaanza kurusha Survivors, mfululizo wa misimu mitatu ambao msingi wake ni ugonjwa unaoua karibu binadamu wote. Wakati mashabiki wanapokea barua kwamba Miri haiwezi kurushwa kwa sababu ya maradhi, shirika lilikuwa linagharamia maradhi makubwa zaidi kwa fedha zake lenyewe.

Simaanishi kwamba walidanganya. Naona waliandika jina la mada pale ambapo walipaswa kueleza kilichomtokea mtazamaji. Mada ni rahisi kuiorodhesha. Kilichotokea sebuleni ni kigumu, na kinataka mtu akae na kuuliza: nani aliogopa, na aliogopa nini hasa?

*Sebule moja, vipindi viwili*

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Tauni ya Doctor Who inamjia yeyote. Inatoka nje, daktari anaitafutia dawa, inakwisha. Kirusi cha Miri kimefungwa kwenye jambo moja ambalo mtoto anayetazama analijua kwa hakika kwamba litamfika: atakua. Mwenye miaka 35 anaona sayari ya kubuni. Mwenye miaka 10 anaona kalenda. Ameambiwa kwamba mwili wake, ule unaoanza kubadilika bila kumuuliza, ndio utakaomgeuza kuwa kitu cha kutisha, na kwamba rafiki yake mkubwa kidogo tayari amekwenda. Katika hadithi yuko msichana mmoja, mkubwa kidogo kuliko Miri, anayefikia umri huo na kufa mbele yetu. Kisha inakuja saa ambayo Kirk anamwonyesha Miri baka kwenye ngozi yake mwenyewe. Mimi naona hilo ndilo tukio la kutisha kuliko yote, na halina tone la damu.

Chini ya hilo kuna jambo jingine, nalo ni kongwe kuliko televisheni. Mama na baba wamekufa wote. Kabla ya kufa waligeuka wabaya. Mtoto anayetazama akiwa amemwegemea mama yake anapewa picha ya mama huyohuyo akimkimbiza barabarani.

Mtu mzima anayetazama naye anaona kitu kingine: watoto wakimpiga mtu kwa nyundo huku wakiimba. Ni rahisi kuandika barua kuhusu hilo. Ni ukatili, unaonekana, una jina, na unaweza kuigwa kesho asubuhi uwanjani shuleni. Hofu ya mtoto ya kukua haina jina, na mtoto haandiki barua kwa shirika la utangazaji. Analala akiwa amewasha taa.

Ndiyo maana naamini barua na uamuzi vilikutana kwenye kitu kisicho chenyewe. Orodha ya wazimu, mateso, ukatili na maradhi ni orodha ya watu wazima. Kwa mtoto, swali lilikuwa moja tu: je, mimi nitakuwa hivyo? Na jibu la swali hilo lilikuwa ndani ya kipindi chenyewe: hapana, kuna dawa, na watu wazima wengine wako njiani kuja kuwalea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hadithi ya Miri inasema karibu lilelile: watoto wale waliishi miaka 300 wakiuchezea mchezo ugonjwa wao, wakiupa majina ya kitoto, na aliyewaokoa ni mtu aliyewaonyesha baka waziwazi.

*Hukumu ya kimoja iliyobebeshwa vinne*

Vipindi vile vitatu vina mateso na wazimu, hilo ni kweli. The Empath inaonyesha watu wakiumizwa makusudi ili kujaribu utu wa mwanamke asiyesema. Lakini kila kimoja kilistahili kupimwa kwa hatari yake. Wazimu wa Whom Gods Destroy ni wa mhalifu aliyefungwa, unamtisha mtoto kama jambazi yeyote anavyomtisha. Hauna kirusi kinachomngoja yeye. Uoga uliotokana na Miri ulizaa rundo, na ndani ya rundo tofauti zikapotea. Nimewahi kuona walimu wakifanya vivyo hivyo na vitabu: kimoja kinaleta ugomvi na mzazi, basi rafu nzima inafagiwa ili amani irudi.

*Shirika lilikuwa na mfano wake lenyewe*

Linaloniuma zaidi ni kwamba njia nyingine ilikuwa ndani ya nyumba. Desemba 12, 1954, BBC ilirusha mchezo uliotokana na riwaya ya Orwell ya Nineteen Eighty-Four, Peter Cushing akiwa mhusika mkuu. Watazamaji walikasirika sana kwa sababu ya tukio la mateso, na hoja zikapelekwa bungeni. Mchezo ulikuwa umepangwa kuchezwa tena moja kwa moja siku nne baadaye, Alhamisi. Shirika halikurudi nyuma. Mkuu wa idara ya tamthilia alijitokeza kabla haujaanza akaeleza kwa nini unachezwa, na ukachezwa. Aliyetaka kuzima alizima akijua anazima nini.

Miaka hiyohiyo ya 1950, tamthilia za kisayansi za BBC ziitwazo Quatermass zilitanguliwa na onyo kwamba hazifai watoto wala wenye moyo mwepesi. Sentensi moja, sekunde chache. Kwa hiyo mwaka 1970 zana zote zilikuwepo: onyo, saa ya baadaye, mtu wa kusimama na kueleza. Tofauti ni kwamba mchezo wa 1954 ulikuwa mali yao, kazi ya mikono yao, wakauona una heshima ya kutetewa. Star Trek ilikuwa bidhaa ya kununuliwa. Kitu cha kununua hakina mtetezi ndani ya jengo. Hili liwafikie wote wanaofanya kazi na tamthilia za nje: kipindi ambacho hakuna mtu ofisini aliyekitazama chote kwa moyo ndicho kinachofungiwa kwanza.

*Barua za aina mbili*

Marekani, majira ya baridi ya 1967 na 1968, barua zaidi ya 100,000 ziliifikia NBC zikiomba Star Trek isikatishwe, na Machi 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba mfululizo utaendelea. Huko barua ziliokoa mfululizo. Uingereza barua zilifungia kipindi, kisha barua nyingine, za miaka mingi, zikashindwa kukifungua. Ukilinganisha, unaona uzito wa barua unategemea inaomba nini. Anayelalamika anaomba kitu kisifanyike, na kutofanya ni rahisi, hakugharimu hata dakika moja ya ratiba. Anayeomba kipindi kirudi anamtaka ofisa abebe lawama ya kesho. Waliopokea barua za mashabiki walikuwa na jibu tayari, wakalituma lilelile. Hapakuwekwa tarehe ya kuuangalia upya uamuzi, na uamuzi usio na tarehe ya kuangaliwa upya hugeuka desturi bila mtu kuupigia kura.

*Ningependekeza nini kwa aliyekaa kwenye kiti kile*

Kwanza asingerusha Miri kabla ya saa 3 usiku. BBC haikufuata mpangilio wa Kimarekani, ilichanganya vipindi ilivyopenda, kwa hiyo nafasi ya kukiweka mahali pake ilikuwepo tangu mwanzo. Onyo lingetangulia, na lingesema jambo lenyewe: hadithi hii inaonyesha watoto waliofiwa na wazazi na wanaougua. Mzazi aliyeambiwa hivyo anajua la kufanya kuliko aliyeambiwa tu "haifai watoto". Barua zikija, jibu moja la hadharani. Na vile vitatu vitazamwe kimoja kimoja, na watu wasiopungua wawili, mmoja wao awe mwenye watoto wa umri ule.

Kwetu zana hizi zipo leo kwa maandishi. Kenya, kwa mfano, kanuni za vipindi zinatenga kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda wa familia nzima. Ni kanuni njema. Ila tamthilia zinazotujia zimeingizwa sauti zinafika kwa mamia ya vipindi, na saa peke yake haitasema kipindi cha 47 kina nini. Anayeziingiza sauti anakisikia kila kilio mara tatu nne akiwa studio. Yeye ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa, na sijaona mahali anapoulizwa.

Narudi kwa mtazamaji wa Desemba 2, 1970. Tuchukue mzazi aliyesimama na kuzima televisheni watoto walipoanza kumpiga Kirk, akampeleka mwanawe kulala. Simlaumu, pengine ningefanya vilevile. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Ndani ya dakika hizo watoto wanarudisha vifaa, McCoy analala sakafuni na mabaka yanayeyuka usoni mwake, na Kirk, akiwa tayari kuondoka, anasema ameomba sayari ile iletewe walimu. Mtoto yule alikwenda kitandani na nyundo na mabaka, bila dawa na bila walimu. Marudio yangempa mwisho uliobaki. Yalipokuja, alikuwa mtu mzima.